Mgomo Ambao Baba Hakugoma

Kwenye kipindi tulichoongea kuhusu kazi za wazazi wetu, nilisema kitu kimoja haraka haraka halafu nikabadilisha mada. Nilisema baba yangu alikuwa kondakta wa treni ya mizigo, na kwamba mimi binti yake niliwahi kushangilia siku aliyopigwa. Wengi mmeuliza kapigwa na nani. Hakuna aliyemgusa kwa mkono. Ila naona nieleze vizuri, maana mbele ya maikrofoni nilishikwa na aibu, na kwenye kuandika angalau mtu unaweza kufuta. Kiswahili changu mnakijua, ni cha jikoni kwa mama. Kikiyumba, nishikilieni.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 1 Desemba 2022. Ninafanya kazi Chicago, kwenye kampuni inayopanga usafirishaji wa bidhaa. Kontena likishuka bandarini kule California, mimi ni mmoja wa watu wanaohakikisha linafika ghalani huku kabla mteja hajaanza kupiga simu. Mgomo wa reli nchi nzima ulikuwa unaweza kuanza tarehe 9. Wiki mbili tulikuwa hatulali, tunatafuta malori ambayo hayapo. Mchana ule Seneti ikapiga kura 80 kwa 15 kuwalazimisha wafanyakazi wa reli wapokee mkataba ambao vyama vinne kati ya kumi na viwili vilikuwa vimeukataa. Ofisi nzima makofi. Bosi akaagiza piza. Kwenye grupu la ofisi nikaweka ile picha ya mikono miwili ya kushukuru, na nilimaanisha. Nilikuwa nimechoka.

Jioni nikampigia baba. Shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo. Nikasema, "Afadhali yameisha, baba."

Akanyamaza kidogo. "Yameisha kwa nani, mwanangu?"

Sasa mjue maisha ya mzee yalikuwaje. Hakuwa na ratiba. Alikuwa na simu. Ikilia saa nane usiku, ana saa moja na nusu awe amefika kazini. Ukiipuuza unakatwa pointi, pointi zikiisha unaitwa kujieleza. Kuumwa hakukuwa na sehemu yake kwenye hesabu hiyo. Mwaka ule baba alikuwa ameahirisha daktari mara nne, na ana kisukari. Kulikuwa na pendekezo la pili siku ile ile: siku saba za likizo ya ugonjwa yenye malipo. Baraza la Wawakilishi lilikuwa limelipitisha. Seneti wakalipigia kura 52 waliotaka, 43 waliokataa, na kwa utaratibu wao zilihitajika 60. Likafa. Rais akatia sahihi mkataba kesho yake.

Februari mama akaona soksi ya baba ina damu. Alikuwa na kidonda ambacho hakukisikia. Walimkata vidole viwili vya mguu wa kushoto.

Sisemi Seneti ndiyo iliyomkata vidole. Baba mwenyewe ni mbishi, na sukari haisubiri kura ya mtu. Nasema tu mimi nilikula ile piza.

Swali lililonikaa kichwani baada ya hapo lilikuwa rahisi: kwani Bunge lilipata wapi uwezo wa kumwekea baba sahihi? Tulivyosomeshwa sisi tuliokulia huku, Marekani ni nchi ambayo serikali haiingilii kampuni na wafanyakazi wake, wakikubaliana sawa, wasipokubaliana shauri yao. Kumbe kwenye reli si hivyo, na haijawa hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Nikaanza kusoma usiku, nikidhani nitawakuta wabaya wangu upesi. Niliyemkuta kwanza ni rais aliyewapa wafanyakazi wa reli karibu kila walichoomba.

Lakini turudi nyuma kidogo, muone kazi yenyewe ilikuwa kazi gani. Mwishoni mwa karne ya 19 mabehewa yaliunganishwa kwa mkono: mtu anasimama katikati ya mabehewa mawili yanayosogeleana, anaongoza kiungo, anachomeka pini, anatoa mkono. Au hautoi kwa wakati. Sheria ya 1893 ilidai viungo vinavyojifunga vyenyewe na breki za upepo, na kampuni zikapewa muda mpaka 1900 kuitimiza. Mwaka 1907 ikaja sheria ya saa za kazi: mwendesha treni asipitishe saa 16 mfululizo. Kumi na sita! Na hiyo ilihesabiwa ushindi. Kuhusu nauli, ile Tume ya Biashara kati ya Majimbo iliyoundwa 1887 ilipewa meno mwaka 1906, ikaweza kuweka kiwango cha juu cha bei ya kusafirisha mzigo. Hili la nauli ni refu na linachosha, lakini shikeni jambo moja: kampuni za reli zilianza kusema, mnatubana bei ya kuuza halafu mnataka tuongeze mishahara, pesa itoke wapi? Hoja hiyo wateja wangu wanaijua vizuri sana.

Na wafanyakazi wakigoma? Mwaka 1894 walijaribu hapa hapa Chicago, mgomo wa Pullman, ulioanzia kwenye kiwanda cha mabehewa ya kulala ambako mishahara ilikatwa na kodi za nyumba za kampuni zikaachwa pale pale. Serikali ikaenda mahakamani ikapata amri ya zuio, ikaleta jeshi, na kiongozi wa chama, Eugene Debs, akafungwa miezi sita. Mwanasheria Mkuu wa wakati ule, Richard Olney, alikuwa amewahi kuwa wakili wa kampuni za reli. Sina la kuongeza.

Sasa 1916. Vyama vinne vikubwa, vya madereva, makondakta, wachochea moto wa injini na wahudumu wengine wa treni, vilikuwa na watu kama 400,000. Walitaka siku ya kazi ihesabiwe saa nane badala ya kumi, kwa mshahara ule ule wa siku, na zikizidi walipwe mara moja na nusu. Kampuni zikakataa. Rais Woodrow Wilson akawaita wote Ikulu mwezi Agosti, akawabembeleza, mabosi wa reli wakagoma kukubali (ndiyo, mabosi nao hugoma, ila wao haiitwi hivyo). Vyama vikatangaza treni zitasimama tarehe 4 Septemba, Sikukuu ya Wafanyakazi. Tarehe 29 Agosti Wilson akaenda mwenyewe Bungeni. Kufikia Jumamosi tarehe 2 sheria ilikuwa imepita mabaraza yote mawili. Jumapili akaisaini ndani ya behewa lake, treni imesimama kwenye stesheni ya Washington, halafu Jumanne akaisaini tena, isije mtu akasema sahihi ya Jumapili haina nguvu.

Inaitwa Sheria ya Adamson. Saa nane, kwa mshahara wa siku ule ule. Ile mara moja na nusu hawakuipata. Saa za ziada zililipwa kwa kiwango cha kawaida. Hata hivyo fikirini: siku tano tangu rais alihutubie Bunge mpaka sheria. Mgomo wenyewe haukupigwa. Kilichofanya kazi ni kwamba ungeweza kupigwa.

Nilipofika hapa nilifurahi, nikampigia baba simu nikamsomea. Akaguna. "Endelea kusoma," akasema.

Kampuni zilienda mahakamani, na vyama vikatishia tena kugoma mwezi Machi 1917, nchi ikiwa mlangoni mwa vita. Tarehe 19 Machi Mahakama ya Juu ikaamua, majaji watano kwa wanne, kwamba sheria ni halali. Huo uamuzi niliusoma mara tatu, mara ya kwanza kama binti wa kondakta anayesherehekea. Mara ya tatu nikaona kitu kingine. Jaji Mkuu White anasema reli ni ya umma kiasi kwamba pande mbili zikishindwa kukubaliana na treni zikataka kusimama, Bunge linaweza kuingia na kuamua badala yao. Haki ya kampuni kukataa inapungua. Na haki ya mfanyakazi kuacha kazi kwa pamoja na wenzake inapungua vilevile, kwa hoja ile ile. Mlango uliofunguliwa kuwapa wale watu saa nane ndio uliotumika kumwekea baba sahihi. Ni mlango mmoja. Mwaka 1916 waliusukuma watu wa reli, 2022 tuliusukuma sisi wenye makontena.

Vita ilipoingia serikali haikuishia kuamua ugomvi, ilichukua reli yenyewe. Mwishoni mwa Desemba 1917 Wilson akazitwaa na kumkabidhi William McAdoo, waziri wake wa fedha ambaye pia alikuwa mkwewe. Mimi kitaaluma ni mtu wa kupanga mizigo, kwa hiyo niruhusuni nishangae: mabehewa yalikuwa yamesongamana pwani ya mashariki, yamejaa shehena za vita, hayapakuliwi wala hayarudi, kila kampuni inalinda yake. Ingekuwa leo ningekuwa nalia mezani. McAdoo alifanya reli zote ziendeshwe kama mtandao mmoja. Na kwa wafanyakazi akatoa amri mbili ambazo hakuna bosi binafsi angezitoa. Februari 1918, mtu asibaguliwe kwa kuwa mwanachama wa chama. Mei 1918, mishahara ikapanda, na ndani ya amri hiyo kukawa na kifungu: kuanzia tarehe 1 Juni, watu weusi wanaofanya kazi ya kuchochea moto, kuhudumu kwenye treni na kubadilisha njia za mabehewa walipwe sawa na weupe wa kazi hizo hizo.

Hapo nilisimama kusoma kwa siku kadhaa. Kwa sababu nilijua, kabla sijafungua ukurasa unaofuata, nini kitafuata. Weusi wa Kusini walikuwa wameajiriwa kazi hizo kwa kuwa ni rahisi kuwalipa. Vyama vile vinne, vile vya saa nane, havikuwapokea kuwa wanachama. Malipo yalipolingana, bosi hakuwa tena na sababu ya fedha ya kuwaweka, na wenzao weupe hawakutaka kukaa nao. Januari 1919, Memphis, wafanyakazi weupe wa yadi waligoma kutaka weusi wapunguzwe. Wenye haki ya kusimamisha treni waliitumia kwa hilo. Nikafikiria mababu wa Wamarekani weusi tuliosoma nao, na baba yangu aliyeajiriwa miaka themanini na kitu baadaye na kuingia chama bila mtu kumuuliza rangi. Mlango wake ulifunguliwa na watu ambao sikuwahi kuwajua.

Machi 1920 reli zikarudishwa kwa wenyewe. Sheria mpya ikaunda Bodi ya Kazi ya Reli, wajumbe tisa: watatu wa wafanyakazi, watatu wa kampuni, watatu wa umma. Kwenye karatasi inapendeza. Mdororo ulipokuja, bodi ikakata mishahara 1921, halafu 1922 ikawageukia mafundi wa karakana na kuwapunguzia senti 7 kwa saa. Wakati huo kampuni nyingine zilikuwa zinapuuza maamuzi ya bodi iyo hiyo pale yasipowafaa, na mwaka 1923 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba bodi haina nguvu ya kuzilazimisha.

Tarehe 1 Julai 1922 mafundi kama 400,000 wakaweka zana chini. Bodi ikasema wameshajiondoa kazini, kwa hiyo na miaka yao ya utumishi imekwenda. Kama una mzazi aliyefanya kazi reli unajua miaka ya utumishi ni nini. Ndiyo inayoamua nani analala kwake Jumapili. Tarehe 1 Septemba Mwanasheria Mkuu Harry Daugherty akaja hapa Chicago akapata zuio kwa Jaji James Wilkerson. Zuio lile lilikataza hata kumhimiza mtu agome kwa barua, kwa simu, kwa simu ya maandishi au kwa mdomo. Mdomo! Mgomo ukavunjika, watu wakarudi kampuni moja moja, wengine hawakurudi kabisa.

Baada ya aibu hiyo kampuni na vyama wakakaa wenyewe wakaandika muswada, na Rais Coolidge akausaini Mei 1926. Ndiyo sheria inayotawala reli mpaka leo. Tangu 1936 inatawala na mashirika ya ndege, kwa hiyo wale dada na kaka zetu mnaofanya kazi kwenye ndege, inawahusu. Haikatazi mgomo. Inaurefusha. Mnajadiliana, mnakwenda kwa msuluhishi, na usuluhishi hauna mwisho wa siku, msuluhishi ndiye anayesema sasa tumeshindwa. Ikionekana usafiri wa nchi utakatika, rais anaweza kuunda bodi ya dharura: siku thelathini waandike ripoti, thelathini nyingine hakuna kugusa kitu. Baada ya hapo mko huru kugoma. Au Bunge linaingia, kwa mlango wa 1917.

Sheria hiyo nilielewa undani wake kwa watu ambao ilikataa kuwasimamisha. Mwaka 1925 wahudumu wa mabehewa ya kulala ya Pullman, karibu wote weusi, walianzisha chama chao wakiongozwa na A. Philip Randolph. Abiria walikuwa wanawaita wote "George", kwa jina la mwenye kampuni, kama mtu anavyoitwa jina la bwana wake. Walidaiwa saa 400 kwa mwezi au maili 11,000. Kampuni haikutaka kuwatambua, basi Randolph akaisoma sheria mpya vizuri. Akaona: wakipiga kura ya mgomo, itakuwa dharura, rais ataunda bodi, na mbele ya bodi kampuni italazimika kuongea. Wakapiga kura mwaka 1928, karibu wote wakasema ndiyo. Bodi ya usuluhishi ikajibu kwamba haioni dharura hapo. Treni zingeendelea kutembea hata wale watu wasipotandika vitanda. Randolph akausitisha mgomo mwezi Juni, saa chache kabla. Iliwachukua mpaka Agosti 1937, baada ya sheria kurekebishwa 1934, kupata mkataba, na saa zikashuka kuwa 240.

Kwa hiyo baba alizuiwa kugoma kwa sababu angesimamisha nchi. Wao hawakuzuiwa, kwa sababu wasingeisimamisha. Na wote wawili walibaki na shida yao mkononi. Bado nabishana na mwenzangu mmoja wa kipindi juu ya hili. Yeye anasema bila serikali kuingia, wangepigana kama 1894, na wenye njaa ndio wangeshindwa. Siwezi kusema amekosea. Ninachomwuliza ni mbona Septemba 1916 siku tano zilitosha kuandika sheria ya saa nane, na Desemba 2022 kukawa na muda wa kulazimisha mkataba ila hakukuwa na kura nane za ziada kwa mtu kwenda hospitali. Baadaye kampuni kadhaa zilikubali siku za ugonjwa, chama kwa chama. Baba alizipata miezi michache kabla ya kustaafu. Hakuwahi kuzitumia.

Kiangazi kilichopita nilimpeleka Pullman, kusini mwa Chicago. Mji wa kampuni bado upo, nyumba za matofali, mnara wa saa, siku hizi ni hifadhi ya taifa, na kuna jumba la makumbusho la wale wahudumu lenye jina la Randolph. Anatembea taratibu na kiatu chake maalumu. Kwao Tabora, babu yangu alikuwa mtu wa relwe, na baba akiona chuma cha reli lazima akikanyage kwanza kwa soli, kama anamjulia hali. Ndani alisimama muda mrefu mbele ya picha ya mhudumu mmoja aliyevaa koti jeupe. Nikamsomea ile habari ya George. Akasema, "Sisi walitufupishia tu." Kazini jina lake walilifanya herufi mbili. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akilalamika, na hapo pia hakulalamika, alikuwa ananipa taarifa.

Nikamwambia kuhusu piza. Sikuwa nimemwambia. Nikamwambia na ile picha ya mikono.

Akafikiri. "Kontena zako zilifika?"

"Zilifika, baba."

"Haya. Tulizileta sisi."

Tuko kwenye treni ya kurudi mjini, simu yake ikalia. Akanyanyuka nusu, mkono umeshashika fimbo, macho yanatafuta mlango. Ilikuwa ni mama, anauliza tupitie dukani tumnunulie ndimu. Akakaa. Akamjibu kwa ile sauti yake ya kazini, "Nimepokea, saa moja na nusu nitakuwa nimefika," na mama upande wa pili akaanza kucheka.